Plafo ya mishahara: tuanzie kwanza kwa fondasyo

KAMANYOLA – Vijana wengi wa hapa kwetu hawajui kama stadi kubwa kuliko zote ya inchi hii ilizaliwa na jina letu. Wakati ilipomalizika kujengwa kule Kinshasa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliitwa Stade Kamanyola, juu ya vita ya mwaka 1964 ambayo Mobutu alipenda sana kujisifu nayo. Kisha 1997 utawala ulibadilika, jina nalo likabadilika: Stade des Martyrs, ukumbusho wa wale watu wane walionyongwa wakati wa Pentekoste ya mwaka 1966. Hatulii juu ya jina. Wale wane walistahili kukumbukwa. Tunasema tu kwamba tangu siku ile Kamanyola haiko tena katika mupira wa juu, hata kwa ubao wa mulangoni, na kwamba watoto wetu wanaopiga mupira kila magaribi kwa udongo mukavu wa uwanda wa Ruzizi wako mbali na ile stadi kuliko vile karte inaonyesha.

Mwaka 2024 TP Mazembe ilichukua taji lake la 20 la shampiona. Habari ilipofika, pale barabarani ambapo malori ya Uvira yanasimama, watu hawakushangaa, hawakubishana, na hawakufurahi sana. Kijana mumoja alisema: «Ni kama kutangaza kwamba Ruzizi inatelemuka kwenda Tanganyika.» Wengine wakacheka. Lakini mumoja wao, ambaye anafuata michezo ya ngambo kwa simu, akaleta wazo ambalo tangu siku ile tumelisikia tena mara nyingi: «Waweke plafo ya mishahara, sawa kule Australia. Tajiri asiweze kununua wachezaji wote. Hapo ndipo tutaona mupira.»

Wazo hili tunalichukua kwa uzito. Si wivu wa maskini.

Tuhesabu pamoja. Kuanzia 2006 mpaka 2024 shampiona yetu ilifika mwisho mara 18. Mazembe ilishinda mara 13. AS V.Club mara ine. Daring Motema Pembe mara moja. Basi. Ekipe tatu, miji miwili, miaka karibu 20. Na haikuwa hivi tangu mwanzo, bana. Sanga Balende ya Mbuji-Mayi ilikuwa bingwa mwaka 1983, Tshinkunku ya Kananga 1985, AS Bantous tena ya Mbuji-Mayi 1995. Kivu yetu haijapata hata taji moja la shampiona. Lakini mwaka 2007 AS Maika ya Uvira, ndiyo, Uvira hii hii ya kando ya ziwa, ilichukua Coupe du Congo. Wazee wa muji wanajua. Kombe ni mechi chache. Mutu anaweza kukaza moyo na kushinda. Shampiona ni miezi mingi ya tiketi za ndege, hoteli, dawa, mishahara. Moyo peke yake haufikishe mutu mpaka mwezi wa saba.

Sasa ile Australia. Mchezo wenyewe si mupira wa miguu, ni ragbi ya wachezaji 13, ambayo Wafaransa wanaita rugby à treize. Hapa hakuna anayeicheza, lakini historia yake inatuhusu kuliko vile tunafikiri, maana ilizaliwa kwa ugomvi wa mushahara. Mwaka 1895, katika muji wa Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, ekipe za wafanyakazi wa migodi na wa viwanda vya nguo zilijitenga na wakubwa wa ragbi. Wale wakubwa walikuwa watu wa kujiweza. Walisema mucheza ragbi asilipwe kitu. Lakini mutu wa mugodi akiacha kazi siku ya posho kusudi aende kucheza, anapoteza mushahara wa siku ile, na nyumbani kuko watoto. Ekipe zikasema: tutamulipa ile siku aliyopoteza. Wakubwa wakakataa. Ndipo wakaachana, na kisha ule mchezo mupya ukapunguza wachezaji kutoka 15 mpaka 13.

Miaka karibu 100 ikapita. Mwaka 1990 shampiona ya Australia iliweka mupaka: kila ekipe iko na jumla ya feza ambayo haiwezi kupita kwa kulipa wachezaji wake. Uingereza ikafuata na shampiona yake ya Super League mwaka 1998. Wazo liko rahisi. Wachezaji wazuri wakikusanyika wote kwa tajiri mumoja, mechi zinakufa, watu wanaacha kuja, na mwishoni hata tajiri anakosa wa kucheza naye. Duka la nguo linaweza kufurahi kama duka la jirani limefunga. Ekipe haiwezi. Ekipe iko na lazima ya jirani mwenyi nguvu.

Na hawakuweka sheria ya maneno tu. Mwaka 2002 Bulldogs ya Canterbury ilikuwa juu ya orodha. Ilipojulikana kwamba imepita plafo, ikanyanganywa pointi 37 na kuangukia nafasi ya mwisho. Mwaka 2010 ikawa zamu ya Melbourne Storm. Hao walikuwa na hesabu mbili: daftari moja ya kuonyesha ligi, na ingine ya kweli, yenyi feza ya pembeni. Walinyanganywa mataji ya 2007 na 2009, na wakaambiwa wamalize musimu ule wakicheza bila kupata pointi hata moja. Munaweza kuwaza jambo la namna hiyo hapa kwetu? Kombe imekwisha kushangiliwa, picha zimekwisha kupigwa, na mutu anakuja kusema: rudisheni.

Hapo ndipo tunapoanza kutofautiana na vijana wetu wa barabarani.

Kwa nini Australia iliweza kukamata ile daftari ya pili? Kwa sababu kulikuwa daftari ya kwanza. Kila muchezaji iko na kontra iliyoandikwa, imepelekwa kwa ligi, feza inapita benki, na kuko watu ambao kazi yao ni kusoma hesabu za ekipe kutoka asubuhi mpaka magaribi. Daftari ya uongo inaonekana pale tu ambapo kuko daftari ya kweli ya kuilinganisha nayo. Sasa tuje kwetu. Muchezaji wa ekipe nyingi za Linafoot analipwa namna gani? Kwa mukono. Ndani ya anvelope, nyuma ya mechi, kama prezida wa ekipe yuko na furaha. Prezida akisafiri, anvelope nayo inasafiri. Hakuna plafo inayoweza kupimwa juu ya feza ya anvelope. Tajiri ataandika karatasi moja nzuri, na usiku atapitisha ingine. Maskini hatapitisha kitu, maana hana.

Tunamujua kijana mumoja wa hapa, beki wa kushoto, mwenyi mbio kama pikipiki mupya. Alichukuliwa na ekipe ya muji mukubwa; jina tunaliacha. Alisaini karatasi ambayo hakupewa nakala yake. Kwa miezi saba alilipwa mara mbili. Mushahara aliouahidiwa, ukiuweka kando ya ule wa nyota wa Lubumbashi, haungegusa plafo yoyote ile, hata ungeruka. Alirudi nyumbani kupitia Bugarama na sakoshi moja, na leo anaendesha moto kati ya hapa na Luvungi. Mutu akimuambia kwamba shida ya mupira wa Kongo ni mishahara mikubwa, atamutazama tu.

Kila mutu anayejenga nyumba hapa Kamanyola anajua plafo inakuja wakati gani. Inakuja nyuma ya kuta, nyuma ya mabati. Na kuta zinakuja nyuma ya fondasyo. Sisi tunataka kununua plafo wakati mawe ya chini hayajafika.

Fondasyo ni nini? Ya kwanza ni kwamba kuwe feza ya kugawanya. Kule Australia, feza ya televizyo inaingia kwa ligi, na ligi inapatia kila ekipe fungu ambalo linatosha kulipa mishahara yote iliyo chini ya plafo, na zaidi kidogo. Kuko pia mushahara wa chini, ambao hakuna ekipe inaweza kushuka chini yake. Ndiyo maana plafo yao haionekani kama azabu. Na hata hivyo, tuseme kweli, plafo haifanye miujiza. Uingereza iko na plafo, na kwa kipindi cha 1998 mpaka 2023 fainali kubwa ya Super League ilishindwa na ekipe ine tu: Wigan, St Helens, Leeds na Bradford. Ine, juu ya plafo! Basi mutu asitudanganye kwamba ukiandika sheria moja Jumatatu, Uvira itakuwa bingwa Jumapili.

Kwetu, feza ya pamoja karibu haiko. Musimu wa 2022-2023 ulisimama njiani, hakuna aliyetangazwa bingwa. Musimu uliofuata ukaanzishwa kwa mafungu mawili, Mashariki na Magharibi, kabla ya duru ya mwisho, kusudi watu wasiruke ruke inchi nzima kwa ndege. Hiyo inaonyesha shida iko wapi. Inchi yetu ni kubwa, barabara hakuna. Ekipe ya Bukavu haiwezi kupanda basi kwenda kucheza Lubumbashi. Hata kutoka Bukavu kufika hapa kwetu, wengi wanaona afazali kuzunguka kupitia Rwanda kuliko kuteseka kwa mielekeo ya Ngomo. Kwa ekipe ndogo, tiketi za ndege zinakula mushahara mbele muchezaji hajauona. Huyu iko na prezida mwenyi kampuni na ndege. Yule iko na prezida mwenyi duka moja na roho nzuri. Unawawekea plafo moja, na unasema umewasawazisha?

Kuko watakaosema tunamutafutia Moïse Katumbi makosa. Hapana. Tangu 1997, wakati alipochukua Mazembe, yeye alifanya yale ambayo wengine waliahidi tu. Stadi yake ya Kamalondo ilifunguliwa 2011. Wazambia walikuja kuchezea kwake: Kalaba, Sunzu, Sinkala, wote watatu mabingwa wa Afrika na inchi yao mwaka 2012. Watanzania walikuja: Samatta, Ulimwengu. Na nani kati yetu hakupiga kelele siku ile ya tarehe 14 Desemba 2010, kule Abu Dhabi, wakati Mazembe ilipiga Internacional ya Brazil 2-0, na Kidiaba akaruka ruka chini kwa matako mbele ya ulimwengu mzima? Kama kungekuwa plafo ya chini wakati ule, pengine ile siku haingekuwako. Hilo ni neno la kweli, na mwenyi kutaka plafo analazimishwa kulijibu. Sisi tunajibu hivi: siku moja ya Abu Dhabi ni tamu, lakini haikulisha Bukavu, haikulisha Kananga, haikulisha hata ligi yenyewe. Miaka 12 tu nyuma yake shampiona ilianza musimu ambao ilishindwa kuumaliza.

Kuko tena jambo la mupaka, na sisi watu wa mipaka mitatu tunalifahamu bila kufundishwa. Tuseme wakubwa wa soko waweke bei ya mwisho ya mupunga hapa Kamanyola peke yetu. Usiku ule ule mupunga unavuka Ruzizi. Wachezaji vilevile. Fiston Mayele alitoka V.Club mwaka 2021 akaenda Yanga ya Dar es Salaam, na kutoka kule akaenda Misri. Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union mwaka 2023, naye akaenda Yanga. Hawakufuata bahari. Tanzania walisaini mwaka 2021 kontra ya televizyo ya miaka 10, ya shilingi bilioni 225 na zaidi. Feza inajulikana, na kila ekipe inajua fungu lake. Sisemi Tanzania ni paradizo: tangu 2001 mabingwa ni Simba na Yanga, na Azam mara moja tu, 2014. Usawa haujafika kwao vilevile. Lakini muchezaji anajua tarehe ya mushahara. Ukiweka plafo ya Kongo chini sana, na huku bado hulipe kwa wakati, hutasawazisha Linafoot. Utaimwaga yote ndani ya ziwa, na Dar itaiokota ngambo. Hata Waingereza wa ile ragbi wanaonja hiyo: wachezaji wao wazuri wanakimbilia Australia, kwa sababu plafo ya kule iko juu.

Sasa kuko jambo moja ambalo halingoje Kinshasa, na ndilo linalotuumiza zaidi, maana feza iko, na sisi hatuiokoti. Kwa sheria za FIFA, muchezaji akiuzwa kutoka inchi moja kwenda ingine, asilimia 5 ya bei inatoshwa na kugawanywa kwa ekipe zote zilizomulea kutoka miaka 12 mpaka 23. Tufanye hesabu ya shule. Kijana anauzwa dola 1.000.000. Asilimia 5 ni dola 50.000. Misimu ya miaka 12, 13, 14 na 15, kila mumoja unaleta asilimia 5 ya ile 50.000, kutoka 16 mpaka 23, kila musimu unaleta asilimia 10. Ekipe ndogo iliyomukamata kijana kutoka miaka 12 mpaka 15 iko na haki ya dola 10.000. Dola elfu kumi! Kwa ekipe ya uwanda huu, hiyo ni mipira, viatu, usafiri wa musimu kadhaa, na pengine ukuta wa kuzuia mbuzi kuingia kiwanjani. Lakini haki hiyo inafuata karatasi. Kama mutoto hakuandikishwa, kama hana lisansi ya kila musimu, kwa FIFA ni kama alizaliwa siku aliyoshuka kwenye uwanja wa ndege wa Lubumbashi. Wakubwa wanachukua wote, na si kwa wizi. Ni kwa sababu sisi wenyewe hatukuandika.

Angalieni Penrith, ekipe ya viunga vya magharibi mwa Sydney. Iko chini ya plafo ile ile sawa na wengine wote, na ilikuwa bingwa 2021, 2022 na 2023, mara tatu kufuatana. Nguvu yake kubwa ni watoto wa mtaa wake mwenyewe, iliowalea tangu wadogo. Plafo nzuri inamusaidia yule anayelea. Kwetu anayelea ndiye anayepoteza wa kwanza.

Basi tunaomba nini? FECOFA, mwaka 2023, iliwekwa na FIFA chini ya komite ya normalizasyo, na kila pakiwa uchaguzi, wagombeaji wanapita na maneno matamu. Tunataka mutu awaulize, mbele ya watu, kama wako tayari kwa haya. Mbele musimu haujaanza, kila ekipe ilete kontra zote kwa ligi, na nakala moja ibaki mukononi mwa muchezaji. Mushahara upite kwa benki ao kwa simu, ambapo alama inabaki; siku hizi hata muuza ndizi wa Kamanyola anapokea feza kwa simu. Kuwe mushahara wa chini, na ekipe yenyi kukosa kulipa miezi miwili ipoteze pointi, kubwa ao ndogo, ya Kinshasa ao ya Goma. Feza yoyote inayoingia kwa jina la ligi, ya televizyo, ya kampuni, ya serikali, itoshwe kwanza ile ya safari, kisha kilichobaki kigawanywe sawasawa. Na ekipe ya ndani ya inchi ikimuchukua mutoto wa ekipe ingine ya ndani, ilipe kitu cha malezi, kama FIFA inavyotaka kwa wale wanaovuka mipaka.

Nyuma ya miaka miwili ao mitatu ya karatasi za kweli, tuweke plafo. Ndiyo, tuiweke, hatuikatai. Lakini iwe ya kupimwa na hesabu zilizo wazi, na wachezaji waliolelewa nyumbani wasihesabiwe ndani yake. Hapo Mazembe itaendelea kuwa kubwa, na tutaipigia makofi ikienda Afrika, lakini haitaweza tena kuweka wachezaji wazuri 35 kwa kiti, kumi wakicheza na wengine wakizeeka kusudi tu wasiende kwa jirani.

Kwa upande wetu, kazi inaanza mwezi huu. Makocha wa hapa, wa Luvungi, wa Sange, wa Kiliba, sisi tunaowaona kila magaribi na firimbi shingoni: nunueni daftari. Jina la mutoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la muzazi, musimu alioingia, musimu alioondoka. Mupeleke nakala kwa entente ya mupira na muombe muhuri. Katibu akikataa kupokea, mutuletee habari, gazeti iko na nafasi.

Yule beki wa kushoto tulimuuliza kama angekubali kuandika jina lake na miaka aliyochezea ekipe ya hapa. Alizima moto yake, akafikiri. Akasema miaka anaikumbuka, lakini kocha wake wa kwanza alihamia Uvira na hakuacha hata karatasi moja.